Mkunazi wa Uani

"Inua kidogo upande wa kushoto," Vedasto alisema. "Kushoto kwako. Hapo hapo. Usitikisike."

Levina alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, mikono juu, ameshika kitambaa cheupe nyuma ya tawi la mkunazi. Mabega yalikuwa yameanza kufa ganzi. Mumewe alikuwa amepiga goti mbele ya kamera iliyosimama juu ya miguu yake mitatu, jicho moja amelifumba, akingoja upepo utulie. Upepo wa Septemba hapa Tabora hauna adabu. Ukiwa huna shida nao unatulia, ukishaweka jicho kwenye kamera unarudi na vumbi lake.

"Baba Imakulata, mimi si kamba ya kuanikia nguo."

"Najua."

"Piga basi."

"Lile jani la chini linataka kuanguka," Vedasto alisema kwa sauti yake ndogo. "Likiachia ndiyo napiga."

Levina aligeuza shingo kulitazama. Lilikuwa jani la njano, lina doa jeusi katikati, limening'inia kama kifungo kilichobakiwa na uzi mmoja. Juu yake kulikuwa na majani mengine ya kijani, mazuri, yaliyoshika imara, na mtu yeyote mwenye akili zake angepiga hayo. Hilo alikwisha kulisema mara nyingi, na hakuna kilichobadilika.

Asubuhi Vedasto alipiga picha za watu katika kibanda chake cha Gongoni: pasipoti saizi, maharusi, watoto wa kipaimara. Mchana wateja walipungua, kwa kuwa siku hizi kila mtu ana simu mfukoni na kila simu ina kamera. Basi alifunga kibanda akaenda kutafuta miti. Hakutaka miembe wala mikrismasi, ila miti na majani ya asili tu. Alifuata mininga ng'ambo ya mji wakati maua yake ya njano yanapoanza kumwagika. Alifuata mitundu inapotoa majani mekundu kabla ya mvua, mekundu kama moto, ambayo ukichelewa kidogo unakuta yamegeuka kijani kama ya mti mwingine wowote. Maua yaliyosimama vizuri hayakumvuta. Alingoja yaanze kuondoka.

Ugonjwa huo aliambukizwa na Mwalimu Haruko, mwanamke wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha sayansi, wakati Vedasto alipokuwa kijana wa kusafisha picha kwenye studio ya watu. Huyo alimweleza kwamba kwao, wiki ile maua yanapopukutika, watu hufunga chakula wakaenda kukaa chini ya miti, wakala, wakanywa, wakayatazama yanavyoanguka. Si furaha wala si msiba, alisema, kuna hali fulani ya katikati, na kwa Kijapani ina jina lake. Alitafuta neno la Kiswahili: akajaribu huzuni, akajaribu huruma, yote akayakataa. Vedasto alilifikiria jambo hilo siku kadhaa, ndipo akamwambia kwamba kwetu ni kama kumsindikiza mgeni. Unajua anaondoka. Humzuii wala humharakishi. Unambebea mfuko wake, mnatembea pamoja mpaka njia panda, mnazungumza, na maneno ya pale huwa matamu kuliko yote mliyozungumza ndani. Mwalimu Haruko alilirudia neno kusindikiza mpaka likamkaa mdomoni. Siku yake ya kuondoka ilipofika, Vedasto alimbebea begi hadi stesheni ya treni, naye akamwachia kamera yake ya zamani.

Jani likaachia. Kamera ikalia mara moja.

"Tayari," Vedasto alisema.

Levina alishusha mikono. Kutoka dirisha la chumba cha uani ikasikika sauti ya kizee, kavu, yenye kukatika pumzi.

"Mmemaliza kuuvua nguo mti wangu?"

"Tumemaliza, Bibi," Levina alijibu, akacheka.

Huyo alikuwa Bibi Mwanahawa, mwenye nyumba. Miguu yake ilikuwa imevimba na pumzi zilikuwa fupi, na tangu mwezi uliopita hakuweza kutoka chumbani. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, na chumba kilikuwa chembamba mno kwa kitanda kusogezwa. Akilala aliona anga na ukingo wa ukuta wa jirani, basi. Mkunazi ulikuwa hatua chache kutoka kwenye mto wake, na hakuuona.

Levina ndiye aliyepata wazo. Alilisema siku ile ile, akikunja kitambaa. Kwa nini Vedasto asiisafishe picha hiyo kwa ukubwa, aitie fremu, wampelekee Bibi mti wake chumbani? Vedasto akasema labda wamuulize kwanza dada Asmahani, binti ya Bibi, aliyekuja kutoka Kigoma kumuuguza.

"Zawadi haiombewi ruhusa," Levina alimwambia.

*

Ilikuwa picha nzuri. Levina hakuwa mtu wa picha, lakini hii aliiona. Nyuma kulikuwa na weupe mtupu, msafi kama maziwa. Mbele yake tawi jembamba lenye miiba na majani machache, na chini ya tawi, jani moja la njano likiwa hewani, limeinama kidogo, kama linalotazama linakokwenda.

Aliipeleka siku ya Ijumaa pamoja na bakuli la uji wa ulezi. Bibi alikuwa amefumba macho, anapumua polepole. Levina aliutua uji, akaitoa kalenda ya mwaka juzi kwenye msumari uliokabili kitanda, akatundika picha. Akarudi nyuma kidogo. Akainyoosha upande mmoja. Akatoka kwa kunyata, moyo wake mweupe.

Alasiri walikuja wanawake wa mtaani kumtazama mgonjwa. Levina alikuwa barazani, anafuta karai lake la maandazi ya kuuza, alipoitwa. Aliingia akiwa bado na kitambaa cha kufutia mkononi. Wanawake walikuwa wameketi mkekani, macho ukutani. Asmahani alikuwa amesimama mbele ya picha. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, mfanyabiashara wa vitenge anayejua kuzungumza na watu.

"Mama Imakulata," alisema, "nani ameweka hiki?"

"Mimi, dada. Ni zawadi."

"Zawadi."

"Baba Imakulata ndiye ameipiga. Imepinda? Niliinyoosha, labda msumari."

Alisogea kuinyoosha tena, bado anatabasamu. Mama mmoja mzee pale mkekani alivuta mtandio wake akaufunika mdomo. Mwingine alianza kusoma kitu kwa sauti ya chini. Asmahani alinyoosha mkono akaishusha picha mwenyewe, akaigeuza uso chini, akampa Levina huku ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Tafadhali kitoe humu," alisema. Hakupandisha sauti, na kwa Levina hilo lilikuwa baya zaidi.

Levina alitoka na fremu kifuani. Kwenye ukumbi aligundua kwamba bado anatabasamu, na hakujua namna ya kuacha.

*

Kesho yake maandazi yalilala. Zuena, jirani wa mlango wa pili, ambaye kila asubuhi alichukua ya watoto wake wote, alipita na kibakuli chake akielekea kona ya pili. Alisalimia vizuri tu. Levina alipomwonyesha karai, akasema leo wamekunywa chai na muhogo. Kisha akarudi njia ile ile, kibakuli kimefunikwa, na harufu ya maandazi ya mtu mwingine ikapita naye.

Saa nne Levina alipeleka uji wa Bibi mpaka mlangoni, akaupokea Asmahani. Jioni bakuli lilirudi likiwa limejaa, uji umefanya ngozi juu. Levina aliumwaga nyuma ya choo, mahali ambapo mtu hamwoni. Ilikuwa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Akaendelea kuupika, kwa sababu kuacha kungekuwa kama kukiri kosa asilolijua.

Ndipo Mfaume akawaita. Alikuwa mtoto wa kiume wa Bibi, fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa chumba cha mbele. Aliwawekea viti viwili, akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola ya shati lililokuwa mezani.

"Kaka Vedasto," alisema, "mimi na wewe hatujawahi kukosana."

"Hatujawahi."

"Basi niambie, kwa uungwana tu. Ile picha mlikusudia nini?"

Vedasto alieleza. Alieleza kwa utaratibu, kitanda na dirisha, na kwamba Bibi alikuwa haoni mti wake. Mfaume alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mkunazi," alisema. "Unajua sisi tunaufanyia nini mkunazi?"

"Mnakula kunazi."

"Na majani?"

Vedasto akatikisa kichwa. Mfaume alimtazama, akamtazama Levina, na uso wake ukalegea kidogo, kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi akakuta mlango uko wazi.

"Majani yake yanatwangwa," alisema polepole. "Yanatiwa kwenye maji. Ndiyo maji tunayomwoshea maiti. Na kile kitambaa mlichoweka nyuma ni bafta. Bafta ni sanda. Mmemtundikia mgonjwa mbele ya kitanda majani ya kuoshewa na sanda ya kuvikwa."

Levina alikumbuka duka alilonunua kitambaa kile. Mwenye duka alikipima bila kubishana bei, akasema poleni sana, naye akamjibu tumeshapoa, kwa kuwa alidhani ni pole ya jua. Aliona uso unamwaka moto.

"Sikujua," Vedasto alisema.

"Miaka yote hii mnakaa kwetu?"

"Misiba yenu nakaa nje na wanaume. Nimeteka maji, nimeyabeba mpaka mlangoni. Alipofariki baba yenu niliyabeba mimi." Alitazama viganja vyake. "Kinachotiwa ndani sijawahi kukiona."

Mfaume alikubali kwa kichwa. Alikumbuka ndoo zile. Alichukua pini moja akaichomeka upya mahali pale pale ilipokuwa.

Levina akasema kwamba wao walipewa chumba na baraza kwa mdomo wa Bibi, na Bibi asipokuwepo hawana mtu katika nyumba hii. Nani anamwombea kifo mtu aliyemshika mkono? Mfaume akajibu kwamba anajua, na mtu yeyote akikaa akapiga hesabu atajua. Lakini tangu siku ile mama hajasema neno. Akiulizwa chakula hajibu, akiulizwa maumivu anageukia ukuta. Asmahani anasema ameingiwa na hofu, ameona safari yake imetangazwa.

"Dada anataka mhame," alisema. "Mwezi ukiisha. Mimi ningesema yaishe. Ila yeye ndiye anayemgeuza mama usiku, yeye ndiye anayemwosha miguu. Siwezi kubishana na anayemuuguza mama."

Vedasto aliomba aingie kwa Bibi amtake radhi. Mfaume alitikisa kichwa. Dada amekataza.

*

Levina alianza kutafuta chumba. Mtaa wa kwanza mwenye nyumba, mama mmoja mkarimu, alimkaribisha kiti, akamwonyesha chumba, akamwuliza wametoka wapi na kwa nini. Levina alipotaja nyumba ya Bibi Mwanahawa, yule mama akasema, "Ndiyo nyinyi wa ile picha?" Kisha akakumbuka kwamba chumba kile kuna mpwa wake kutoka Igunga anakitaka.

Alirudi kwa miguu, njia nzima akizungumza na nafsi yake kwa Kinyamwezi cha kwao Puge, lugha aliyoitumia alipotaka kujisuta. Alimkuta Vedasto amekaa kitandani, fremu mapajani, anafuta kioo. Vedasto hakumlaumu. Angemlaumu, ingekuwa nafuu.

"Mimi ndiye niliyesema zawadi haiombewi ruhusa," alisema Levina.

"Mimi ndiye niliyepiga."

"Uichome hiyo picha."

Vedasto aliitazama. "Haina kosa," alisema. Akaifunga kwa gazeti, akaiweka juu ya kabati.

Kesho yake Levina alifagia uani kama siku zote. Asmahani alikuwa ameenda kufuata dawa. Majani ya mkunazi yalikuwa yamezidi kuanguka. Unafagia hapa, nyuma yako yanashuka mengine. Alikuwa ameinama karibu na ukuta aliposikia kitu kinagonga ubao wa dirisha, taratibu, mara mbili tatu. Ilikuwa fimbo.

"Levina."

Alisogea. Ndani, chini ya dirisha, Bibi Mwanahawa alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Uso ulikuwa umekonda, lakini macho yalikuwa makali, na alikuwa amepaka wanja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Asmahani hajarudi?"

"Bado."

"Afadhali. Picha yangu iko wapi?"

Levina aliuegemeza ufagio ukutani. Alianza kuomba radhi, yeye na mumewe, kwamba hawakujua.

"Hamkujua nini?"

"Majani, Bibi. Na kitambaa."

Bibi alivuta pumzi mbili tatu kabla ya kuendelea. "Nyinyi kwenu Puge mnaoshea nini maiti?"

"Maji, Bibi. Na sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya kawaida tu. Ya mche."

Bibi Mwanahawa alilitafakari jambo hilo. "Haya," alisema, kama mtu aliyeamua kutodharau desturi za watu. "Sasa sikiliza. Siku ile sikuwa nimelala. Nilifumba macho ili uondoke, maana ungekaa hapo uniulize kama ni nzuri. Ulipotoka nikaitazama. Nikamwona nyigu kwenye lile tawi, mdogo, kwa nyuma. Mlimwona?"

"Hapana, Bibi."

"Yupo. Nilikuwa namtazama nyigu wangu, wakaingia hao, wakaninyang'anya. Ndiyo maana siongei nao."

"Wanadhani umeogopa."

"Niogope mkunazi?" Alikohoa, na Levina akadhani ni kikohozi, kumbe ni kicheko kilichokosa hewa. "Babu yangu alikuja hapa na mzigo kichwani, kutoka Umanyema, ng'ambo ya ziwa. Wapagazi walikuwa wanakula kunazi njia nzima, wanatema kokwa. Mti huu haukupandwa na mtu. Umetemwa hapa, kama sisi. Mume wangu ametoka na majani yake. Mwanangu wa kwanza ametoka na majani yake. Nimebaki mimi, na wananificha nisiyaone, kama msafiri anayefichwa mzigo wake mwenyewe."

Levina aliushika mkono uliokuwa kwenye nondo ya dirisha.

"Lakini mumeo kakosea," Bibi aliendelea.

"Kakosea nini?"

"Tawi. Kapiga la upande wa choo, tawi gani lile. La upande wa jiko ndilo lenye sura. Mwambie arudie. Na safari hii mimi niwepo."

"Bibi, dada Asmahani hatakubali."

"Asmahani ni mwanangu au ni mama yangu?"

Levina alihisi mtu nyuma yake. Asmahani alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mfuko wa dawa mkononi, buibui lina vumbi mpaka magotini. Haikujulikana amesimama kwa muda gani. Hakumtazama Levina. Alikuwa analitazama dirisha, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia redio iliyokufa siku nyingi ikiongea. Kisha akaingia ndani haraka.

Levina alipaswa kuondoka. Alishika ufagio, akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Ndani maneno yalianza chini chini. Asmahani alisema mgonjwa hapigwi picha, watu watasema nini. Ngoja upate nafuu, uvae, upendeze. Bibi akasema akipona atapigwa akiwa amepona, na sasa anaumwa, basi apigwe anaumwa. Asmahani akasema picha ile ni mkosi. Bibi akamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo Levina alikuwa hajawahi kulisikia. Kisha sauti ya Asmahani ikatoka imebadilika, nyembamba, si sauti ya mfanyabiashara.

"Wewe unaona mti, mama. Mimi nikiitazama ile picha naona mikono yangu. Ni mimi nitakayeyatwanga hayo majani. Nani mwingine? Mfaume?"

Levina aliacha kufagia. Mpaka hapo alikuwa amemwona Asmahani kama mtu aliyemfedhehesha mbele ya wageni. Sasa alitembea mpaka barazani, akakaa karibu na karai baridi, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

*

Siku iliyofuata, alasiri, Mfaume na Vedasto walimtoa Bibi Mwanahawa uani akiwa kwenye kiti cha mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakimpitisha ubavu kwenye milango. Alikuwa mwepesi kuliko walivyotegemea, na wote wawili walijifanya mzigo ni mzito. Asmahani alimvika, akamfunga mtandio, akamwekea mto mgongoni. Kisha akasema ana kazi jikoni, akaingia, akafunga mlango.

Bibi alikaa anautazama mkunazi. Halafu akaanza amri. Kreti lisogezwe. Tawi lile, si lile. Bafta walikwisha kuificha. Akaagiza khanga zake zitolewe sandukuni, akakataa ya kwanza kwa kuwa maandishi yake ni ya kumsema mtu na mtu huyo alikwisha kufa, akakubali ya pili shingo upande. Levina alipanda kwenye kreti, akainua mikono.

"Unangoja nini?" Bibi alimwuliza Vedasto baada ya kitambo.

"Jani, Bibi."

"Lipi?"

"Lile karibu na bega lako."

Bibi aligeuza macho. "Bado lina nguvu hilo."

"Ndiyo. Tunaweza kungoja."

"Haya, tungoje."

Wakangoja. Mfaume alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akamsimulia mama yake habari za mteja mmoja aliyetaka suti ya harusi ipunguzwe, kisha akanenepa kabla hajaja kuichukua. Bibi alicheka mpaka akashika kifua. Jua lilikuwa limefika ukutani, likampata shavuni, likaingia katika kila kunjo la uso. Levina, juu ya kreti, alimwona mumewe amekaza mwili na kidole kiko kwenye kamera. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Jani likaachia, likapita mbele ya bega la Bibi polepole.

Kamera haikulia.

Bibi akainua mkono. "Hii khanga siyo," alisema. "Inanizeesha. Kesho tutumie kisutu changu."

"Sawa, Bibi," Vedasto alisema, akaanza kukunja miguu ya kamera, mmoja mmoja.

Mfaume alikuna kichwa. Akasema kwa unyonge kwamba kuna lile jambo la kuhama, mwezi unakaribia, ni vizuri lieleweke.

"Ahame nani?" Bibi alimwuliza. "Kazi yangu haijaisha. Nimetoa kazi, fundi anaifanya, wewe unataka kumhamisha fundi. Wewe huwa unamfukuza mtu suti ikiwa kwenye cherehani?"

Mfaume aliangalia chini akatabasamu. Wakamnyanyua, wakampitisha ubavu, wakamrudisha kitandani.

Levina alishuka, akatikisa mikono. Alimsogelea mumewe aliyekuwa anafuta vumbi kwenye lenzi kwa kitambaa chake maalumu, kwa mizunguko ile ile midogo.

"Jani lilianguka," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Niliona."

"Mwanga ulikuwepo."

"Ulikuwa mzuri sana."

"Sasa mbona hukupiga?"

Vedasto alifunika lenzi. "Mgeni alikuwa bado anazungumza," alisema.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Asmahani alitoka na kisutu mkononi, chekundu na cheusi, kimenyooshwa kwa pasi ya mkaa, bado cha moto. Alikitandaza kwenye kamba, akakivuta ncha zikae sawa. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika bakuli la uji. Alimpa Levina. Lilikuwa tupu, tena limeoshwa.

"Kesho saa ngapi?" aliuliza.

"Jua likifika pale ukutani, dada."

Asmahani alitazama ukuta, kisha kreti la soda, kisha Levina, kama anayepima kitambaa kwa macho.

"Mikono yako mifupi," alisema. "Nitashika mimi."

Akalisogeza kreti kwa mguu mpaka chini ya tawi la upande wa jiko, akalikalisha vizuri lisiyumbe, akaingia ndani kumpa mama yake dawa. Majani yalikuwa yamejaa uani tena. Levina alichukua ufagio, akainama.

"Levina," sauti ilitoka dirishani. "Usifagie. Hayo yatatokea kwenye picha."

Akauegemeza ufagio ukutani.